Ebitinge za Mama na Mshipi wa Merigi

Kericho, Jumapili

Dada yangu Kerubo,

Kabla hujafungua hicho kifurushi kilichoshonwa kwa gunia, soma kwanza. Najua mkono wako ni mwepesi kuliko macho yako, tangu utotoni. Kiweke kando, ukae, usome.

Mko salama? Mgongo wako unaendeleaje, ama bado unabeba kikapu cha majani chai kama punda asiye na mwenyewe? Yule ng'ombe alizaa? Na Mama, anakula? Anatolewa nje kuota jua, ama ni kugeuzwa tu kitandani? Huku mvua ya mawe imepiga wiki nzima, majani yametoboka kama yamepigwa risasi, lakini mimi ndugu yako niko hai. Hilo neno "hai" nimeliandika polepole kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umefungwa plasta kutoka vidole mpaka kwapa. Mbavu mbili zimevunjika. Jino la mbele limeenda. Simu usipige, ilikanyagwa ikawa unga, ndiyo maana natuma karatasi kama watu wa zamani.

Nilisikia uliyosema siku ile ya mwisho. Kwamba Mama haulizi chakula wala dawa, anauliza ebitinge zake tu. Kwamba aliinua kichwa akakuambia, "Nitaendaje kwa baba yenu na miguu mitupu kama msichana?" Na wewe ukaniambia nisikanyage hapo nyumbani bila hizo bangili za miguu, hata siku ya mazishi nisikanyage. Mimi nikakata simu, nikasema ni network. Haikuwa network.

Leo nakujibu. Lakini kwanza nikueleze nilivyokuwa mtu mkubwa huku, ndiyo uelewe nimeanguka kutoka juu namna gani.

Wewe unadhani bado nachuna majani. Hiyo niliacha zamani, mashine za kuchuna zilipoingia shambani. Nikaingia kazi kwa duka la vitu vya kale, duka la mama mmoja Mhindi mzee tunayemwita Ba. Usidhani ni mgeni. Alizaliwa Sigowet, baba yake akiuza chumvi na blanketi huko, na Kipsigis anakiongea kushinda chifu. Upande mmoja wa duka ni vitu vya hapa: viti vya miguu mitatu, vibuyu vya mursik, yale maziwa yao ya mgando, mikuki, marungu. Upande wa pili ni vya India na huko mbele ya India: kinyago chenye macho ya kutoka nje, upanga wenye ala nyekundu, na mungu mmoja wa shaba anayecheza ndani ya duara la moto, mguu mmoja juu, ule mwingine umekanyaga mtu mdogo. Mzito huyo, Dada. Gunia la mahindi halimfikii. Haya, debe moja.

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka Kapkatet, Merigi mpaka Sigowet nikitafuta vitu kwa nyumba za wazee, halafu wageni wakija niwaeleze maana ya kila kitu. Hapo ndipo nilikuwa mfalme. Ba alikuwa akiniambia, "Ombati, kama hujui, sema hujui." Sasa mtu ametoka ng'ambo, amepanda ndege, umwambie hujui? Nilimpa maana. Na kila kitu nilikipa damu, kwa sababu kitu chenye damu kinanunuliwa haraka. Kiti cha mzee cha kunywea pombe nikasema ni cha jaji wa kukata vichwa. Kinyago, cha mnyongaji. Upanga, umepita shingo mia moja. Yule mungu wa shaba nikasema ni jenerali anacheza juu ya maiti ya adui. Wageni wanashika mdomo, mimi nanguruma. Walikuwa wanatoka nje wakitetemeka, walai, mmoja alizimia. Alikaa chini, basi.

Na ebitinge za Mama zilikuwa humo humo, kwa kabati ya glasi, tangu ile Krismasi nilipokuja miaka mitatu iliyopita. Ni mimi. Nilikuambia ni wale watu wa vyuma vikuukuu waliingia nyumbani wakati mko kanisani. Ni mimi. Mkebe ulikuwa chini ya kitanda, pale alipoziweka siku zile miguu ilimvimba tukazitoa kwa sabuni, na wewe ulimshika mabega akilia. Nilizitoa nikazitia kwa soksi. Niliziita jina gani kwa wageni nitakuambia mbele. Sasa hivi mkono hautaki.

Mwezi uliopita jamaa mmoja wa Merigi, Weldon, mtu mzima wa ndevu na pombe, aliniletea mshipi ndani ya mfuko wa unga. Ngozi pana, laini kwa mafuta, umeshonewa simbi, zile kombe ndogo za baharini, na shanga. Ulinuka maziwa na moshi. Nikamuuliza, "Wa nani?" Akasema, "Wa zamani." Sikuuliza tena. Mtu ambaye ana kitu cha watu kwa kabati hawezi kuuliza sana.

Nikauvaa, Dada. Kiunoni, juu ya suruali. Nikasema ni mshipi wa kamanda wa vita, kila simbi ni mtu mmoja aliyeuawa. Wageni wakanipiga picha nimeinua rungu, nimetoa ulimi. Picha ikaruka simu kwa simu mpaka ikafika Merigi.

Alhamisi, siku ya soko, jua la saa nane, wanaume kumi na wanne wakaingia dukani.

Nakuona ukikunja mdomo. Sawa, walikuwa wanne. Lakini wanne wa Merigi, tumbo moja, mabega kama milango ya ghala, kila mmoja na rungu lake. Nyuma yao mama mzee mfupi, kitambaa kichwani. Mimi niko katikati na mshipi wangu kiunoni, naeleza wageni wawili habari za vita. Mkubwa wao anaitwa Kiplangat. Hakusalimu.

"Vua."

"Karibu mzee, huo bado haujapata mtu, tunaweza kuongea..."

"Umevaa mama yangu. Vua."

Nikacheka. "Nimevaa mama yako? Mimi nimevaa ngozi ya ng'ombe, bwana."

Neno ng'ombe sikulimaliza. Ngumi ilinipata mdomoni, jino likaruka likagonga kabati, nikalisikia likilia ting. Wageni wakapita chini ya meza wakatokea barabarani. Mimi nikarudi nyuma nikachomoa ngao ukutani. Unakumbuka nilivyokuwa nikikuhadithia ile ngao ya nyati ya vita vya mababu? Ilikuwa ya ng'ombe wa juzi, imetengenezwa na fundi wa viatu Kapkatet, mimi mwenyewe nikaifukia kwa majivu izeeke. Rungu lilipita katikati yake kama karatasi, likatua kwa mkono wangu. Mfupa niliusikia, Dada. Kama kuni mbichi ikivunjwa kwa goti.

Nikachukua upanga kwa mkono wa kushoto. Upanga wa shingo mia. Nikampiga wa pili begani kwa nguvu zote Mungu alizonipa, nikingoja damu. Ukajikunja. Haukuwa na makali hata ya kukata sukuma wiki. Ba ameniambia baadaye kwamba huo ni upanga wa bwana harusi, anaushika siku anaenda kumchukua bibi, ni wa heshima. Ningejua ningechukua ufagio.

Basi wakaniangusha. Mshipi ukachomolewa kiunoni, ukaruka huko. Buti iliingia mbavuni, ikatoka, ikarudi. Mmoja alinivunjia kile kinyago kichwani, vipande vikaingia kwa nyusi, damu ikaziba jicho. Nilimuuma mtu mguu mpaka nikaonja soksi. Kabati ya glasi ikaanguka yote. Simu yangu ikalia mara moja chini ya kiatu. Mwingine akasema, "Huyu Mkisii tummalize hapa hapa," na nje soko lilikuwa limeshajaa mlangoni, watu wameokota mawe hata hawajui ya kumpiga nani. Nikasikia mtu akiuliza kwa sauti, "Ni kabila gani na gani?"

Unalijua hilo swali. Unakumbuka miaka ya mishale kule mpakani, tulivyolala katikati ya mahindi, Mama ametuziba midomo kwa viganja vyake viwili, kimoja kwako, kimoja kwangu. Hilo swali likijibiwa, halibaki duka, halibaki soko.

Sasa haya yanayofuata sijaongeza chumvi, Ba ni shahidi. Niliinuka. Kiplangat alikuwa ameteleza kwa vioo, amepiga magoti mbele yangu, kichwa kimeinama anajishika. Nikamkumbatia yule mungu wa shaba kwa mkono mmoja, nikamwinua mpaka juu ya kichwa changu. Sikutaka kumtisha. Sikutaka kumfukuza. Nilitaka kusikia kichwa chake kikipasuka. Nakuandikia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa moyoni, na mtu wa kwanza kuambiwa ni wewe.

Yule mama mzee hakupiga kelele. Aliokota mshipi, akatembea juu ya vioo, akaulaza sakafuni kati yangu na mtoto wake. Akanyoosha pembe zake vizuri kama mtu anatandika kitanda. Akasimama kando.

Dada, wale watatu walisimama kama injini imezimwa. Mmoja alikuwa nyuma yangu, rungu limeshapaa kuja kwa kisogo changu. Aliliteremsha polepole, akaliweka chini. Ni mimi pekee ambaye sikuelewa. Mimi mwenye kueleza watu maana ya vitu. Kwangu ilikuwa ngozi ya ng'ombe imelala chini, na ng'ambo yake kichwa. Nikainua mguu nivuke.

"Ombati!" Ba alipiga ukelele sijawahi kumsikia. "Usivuke! Ukivuka hiyo huna mama tena!"

Nikabaki hivyo. Mguu mmoja juu, mungu kichwani, damu inadondoka kidevuni. Nikateremsha mguu. Nikateremsha na mungu.

Ba alikuja akasimama karibu na yule mama. Wakaongea Kipsigis, halafu Ba akanigeukia. "Huo unaitwa leketiet. Mama anajifunga akishazaa, unashika tumbo lililobeba mtoto. Wanaume wakitaka kuuana, mama anauvua anauweka katikati. Mtu yeyote aliyezaliwa na mama haruki hapo. Na mwanaume hauvai, Ombati. Wewe uliwaambia watu simbi ni nini?"

Ba akasema kwa niaba yangu, kwa Kipsigis. Nilingoja yule mama anitemee mate. Tunamwita Kogo, ndiyo nyanya kwao. Alichuchumaa akapapasa zile simbi moja moja, akaongea Kiswahili chake cha sokoni.

"Ni kweli, ni watu," akasema. "Lakini ni wa kuzaliwa. Nilishona mwenyewe. Hawa wanne. Weldon aliyeniibia. Na hawa watano nilizika."

Ba akamwinamia yule mungu wa shaba pale chini. "Na huyu umekaa naye miaka mitatu. Huyu mdogo chini ya mguu wake ulisema ni adui. Si adui. Ni ujinga. Anaukanyaga usiinuke."

Nilitema damu, nikainama nimtazame huyo mdogo.

Hapo ndipo Kogo akaona ebitinge. Zilikuwa zimetawanyika kwa vioo. Akaokota moja, akaipuliza vumbi, akaigonga na nyingine. Zikalia, Dada. Ule mlio. Miaka mitatu nilikuwa nazionyesha watu na sikuwa nimezigonga hata siku moja.

"Hizi najua," akasema. "Akina mama wa Kisii walikuwa wanakuja soko ya mpakani na wimbi. Unasikia miguu kabla hujaona mtu. Mama ameolewa, ameheshimiwa. Hizi ni za nani?"

Ulimini nilikuwa na hadithi tatu tayari, nzuri zote. Nikasema, "Za mama yangu."

"Alikufa?"

"Yuko hai."

Kiplangat alikuwa amekaa kwa vioo, magoti yake yanavuja. Alicheka, kicheko kibaya. "Kumbe tulikuwa tunapiga Weldon mwingine."

Kando ya ebitinge kulikuwa na kile kikaratasi changu cha kueleza wageni, mwandiko wangu mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Kogo hajui kusoma. Akaniuliza, "Hapa wameandika nini?" Nikasoma. Hapa ndipo nilisema mkono hautaki, lakini naandika. Niliandika: PINGU ZA WATUMWA. Mama aliyevalishwa hizo siku ya enyangi yake, harusi yake ya kimila, ukoo mzima umesimama, marehemu baba yetu, Tata, ametoa ng'ombe mpaka wa mwisho, mimi mtoto wake nimemwita mtumwa mbele ya wageni miaka mitatu, na wakapiga picha.

Kogo alinipiga kofi. Kati ya yote ya siku hiyo, marungu na buti, hilo ndilo ninalolisikia bado.

Halafu akawaambia vijana wake wanibebe. Walinibeba, Dada, wale wale, wawili miguuni wawili mabegani. Mlangoni soko lilikuwa bado linangoja na mawe mkononi. Yule wa swali akauliza tena, "Ni kabila gani?" Kiplangat akamwambia, "Hakuna kabila hapa. Ni mambo ya mama. Nendeni mkauze vitunguu." Watu wakafungua njia.

Sasa nimelala kwa chumba cha nyuma cha Ba. Daktari amesema mbavu haziwezi kupanda gari hizi wiki mbili. Kogo alikuja jana na kibuyu cha mursik, akakaa hapo mlangoni mpaka nikamaliza. Akasema nilivaa mshipi wake, kwa hivyo nisisimame mbele ya mama yangu kabla yeye hajaniosha kwa maziwa na kuniombea, kule Merigi, wanawe wakiwepo. Nimekubali. Ba naye ameng'oa karatasi zangu zote ukutani. Sasa akija mgeni ni yeye anaeleza, na mimi huku kitandani nasikia maana ya vitu kwa mara ya kwanza. Kile kinyago, kumbe kilikuwa cha kufukuza ugonjwa kwa mtu.

Msalimie shemeji, mwambie ile koti yake ninayo na haina damu nyingi. Msalimie Moraa wako wa kwanza, mwambie mjomba wake jino lilitolewa na mtu mmoja, si chui, kama atasikia vingine. Msalimie mama mkwe wako, na yule mzee jirani wa mpaka wetu ambaye bado hajanisamehe ile mambo ya mbwa. Mama msomee barua hii yote. Ukifika kwa kikaratasi usiruke.

Sasa fungua kifurushi.

Ebitinge zilikuwa sita. Utazihesabu utapata tano, na utaanza kunitukana kabla hujafika mwisho. Tukana, lakini soma. Mvalishe hizo tano leo, kwa sabuni, kama tulivyozitoa. Tatu mguu wa kulia, mbili wa kushoto. Akiuliza ya sita, mwambie sijaiuza. Iko hapa kwa ngumi yangu ya kushoto, naiweka chini tu nikishika kalamu. Kogo ameniambia zamani vijana wakienda vitani, mama alikuwa anajikaza mshipi wake hivi, kwa nguvu, asiulegeze, ili mtoto asife kabla hajarudi. Mimi sina mshipi, na nyumbani kwetu ni mimi niliyeenda na ni Mama anayetaka kwenda. Lakini nimeishika.

Amesema hawezi kwenda kwa Tata na miguu mitupu. Basi mwambie bado mguu mmoja haujakamilika. Wiki mbili tu. Nitaivalisha mwenyewe, kwa mkono huu mmoja, na baada ya hapo sitamshika tena.

Ni mimi ndugu yako mdogo, niliyezichukua,

Ombati